Natubu kila Jumapili, mbona moyo hautulii?

Ndugu yangu, unasema unatubu kila Jumapili, kisha Jumatatu unarudi kuwapunja wateja wako wa samaki hapo Malindi kwa mizani ile ile. Machozi yako nayaamini, ila dhambi bado hujaiacha. Soma Luka 19: Zakayo, mkuu wa watoza ushuru kule Yeriko, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Basi kesho, kabla mashua hazijaingia, bandua kile kipande cha madini ya risasi ulichobandika chini ya sahani ya mizani. Yule mama karanga, mkaanga samaki anayenunua kwako kila siku, mwambie ukweli na umlipe. Atakasirika, na ana haki. Lakini usingoje umalize madeni ndipo umwendee Mungu. Nenda hivyo hivyo ulivyo, msamaha wake haununuliwi. Ukianguka tena, mwone mchungaji wako siku hiyo hiyo.