Pazia la rola linalochomoka upande mmoja

Umesema rola, ile fimbo ya kuviringishia pazia, inachomoka kila ukivuta pazia, na dirisha lenyewe halijanyooka. Usitoboe matundu mapya kwanza. Tafuta breketi za kurekebisha (vishikio vya rola), zile zenye matundu marefu ya skrubu badala ya ya duara. Funga skrubu katikati ya tundu refu, usikaze. Pachika rola, weka pimamaji juu yake, kisha sogeza breketi juu au chini mpaka tone la hewa litulie katikati. Hapo ndipo ukaze.

Kuchomoka kwenyewe mara nyingi ni nafasi kati ya breketi mbili: ikizidi kidogo tu, pini ya ncha ya rola inateleza nje. Ziache karibu kiasi kwamba rola inazunguka bila kukwaruza, lakini haichezi kushoto na kulia. Kama ni rola ya springi, angalia ncha zake: pini bapa inaingia kwenye mwanya, ya duara kwenye tundu. Ukizibadilishia pande, springi haitashika.

Na tafadhali, kwenye ukuta wa plasta tumia plagi za skrubu, vile vibomba vya plastiki vinavyoingia tunduni kabla ya skrubu. Skrubu tupu italegea tu, hata breketi iwe nzuri namna gani.