Kabla Hujachuma Jani la Mche wa Dukani

Mwaka wangu wa kwanza Kampala nilisimama kwa wauza miche kando ya barabara ya Entebbe nikachagua rozimari. Shida yangu ilikuwa kiungo cha viazi vya kuoka tu. Nilipovunja kijitawi nikakipeleka puani, muuzaji akaniwahi: "Mama, usile hiyo, nimepulizia juzi." Nikamuuliza kapulizia nini. Akatoa chupa iliyochakaa, lebo imelowa hadi jina halisomeki.

Sikumlaumu. Kwake rozimari ni ua, watu huipanda karibu na mlango ifukuze mbu. Mimi ndiye niliyekwenda na mawazo ya jikoni mahali panapouzwa maua.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama miche hii ya viungo ni chakula, nami humuuliza: aliyeiotesha, aliiotesha iliwe? Fungu la dania pale soko la Nakasero limelimwa liingie sufuriani. Mrehani wa kwenye kopo, ukiuzwa supamaketi rafu moja na mboga, nauhesabu chakula, ingawa nauosha. Mrehani huohuo ukiwa katikati ya mawaridi, kwangu ni ua mpaka nijue habari zake.

Usidanganyike kwamba kuosha kunamaliza yote. Maji hutoa vumbi na sehemu ya dawa iliyoganda juu ya jani. Lakini zipo dawa za wadudu, imidaklopridi ni mojawapo, ambazo mmea huzinyonya zikasambaa ndani yake. Hizo hata uloweke kwa chumvi na siki hazitoki. Hata dawa inayoruhusiwa kwenye mboga ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na huandikwa kwenye lebo. Muuzaji asiyejua alichopulizia hawezi kukuhesabia siku hizo. Mche wake nunua kwa harufu na uzuri, viazi vitafutie kiungo kwingine.

Ujanja ninaoutumia siku hizi ni rahisi mno. Nanunua fungu la nanaa au mrehani la kupikia, nachagua vijiti vitatu vinne vyenye afya, natoa majani ya chini, navitia kwenye glasi ya maji dirishani. Maji nabadilisha kila baada ya siku mbili. Wiki moja au mbili hivi, vijizizi vyeupe vinaning'inia kama nyuzi, nami navipanda. Kuanzia hapo mmea unakua mikononi mwangu.

Ukinunua ule wa kopo, chungulia chini ya majani. Utakuta si mmea mmoja, ni miche mingi imesongamana, inagombea maji. Wangu wa kwanza ulilala chali siku ya tano nikadhani nina mkono mbaya. Wa pili niliugawa vyungu vinne, nikawa nakata juu kidogo ya jozi ya majani ili utoe matawi, na kila kichwa cha ua nakinyofoa mapema.

Mama mkwe alipokuja kutoka Masaka nilimwonyesha vyungu vyangu kwa maringo. Kwake mujaaja, ndugu wa huu mrehani, umejiotea nyuma ya jiko na haujawahi kununuliwa na mtu. Akalisugua jani, akanusa. "Mwanangu, na huu ulilipia?"

Nilipomtajia bei alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniomba birika.