Usinunue hiyo linia. Chomoa antena kwanza

Usinunue. Nimesoma swali lako mara mbili na tumbo limenikatika, kwa sababu ni kama nimejisoma mwenyewe. Uko Bamburi, redio ya wati 100, dipoli (antena ya mikono miwili) ya bendi ya mita 10, yaani masafa ya MHz 28, juu ya paa la flati. Jioni unasikia Cyprus na Ugiriki wakitetemeka kama watu wanaoongea mbele ya feni, halafu wanazama. Ukiita hujibiwi. SWR yako, kipimo cha wimbi linalorudi kutoka kwenye antena (1 ndiyo bora), ni 1.2, na anayekuuzia vyombo amekwambia antena ni safi, kinachokukwamisha ni anga, kwa hiyo ongeza linia (kikuza nguvu ya kurushia) ya wati 600. Halafu ukauliza Morse ujifunze au uache, antena gani inafaa mtu wa ghorofani, na kama ile miangwi ya redio inayorudi baada ya sekunde kadhaa ni kweli au ni hadithi za wazee. Morse na antena ya ghorofani viache kwanza.

Hiyo 1.2 ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nimo kwenye redio ya ridhaa (ya kujifurahisha, si ya biashara) tangu 1983, na upumbavu huu niliufanya mwaka 2001, sikuwa mwanagenzi. Jua lilikuwa kileleni, bendi ya mita 10 inachemka, dunia nzima inaongea, mimi nipo Tudor na wati zangu mia naita kama muuza madafu msimu wa mvua. Nasikia kidogo, na nisikiavyo vinatetemeka. Nikakumbuka niliyoyasoma kuhusu ayonosfia ya ikweta, lile tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi ya redio, nikajaza daftari zima: saa, kimo cha sauti, kusi inavuma au imetulia. Niliona hata kwamba upepo ukiwa mkali mtetemo unazidi! Nikajiona mwanasayansi. Upepo wa paani utafikaje ayonosfia, kilomita mia kadhaa juu, sikujiuliza.

Kilichokuwa kinatikisika ni plagi ya antena.

Sasa yule jamaa aliyeniuzia mimi linia. Sitamtaja. Alikuwa akiuza redio za maboti, na kwa kuwa redio za maboti zinalala chumvini nilidhani anaijua chumvi. Akaja nyumbani, akanywa kahawa yangu, akala mahamri manne, hakupanda ngazi hata kipandio kimoja. Aliangalia mita, akaangalia dari, akasema: "Kaka, antena yako haina neno. Anga la Pwani lina joto, mawimbi yanachoka." Mawimbi yanachoka! Na mimi, mtu mzima, nikatikisa kichwa kama aliyesomewa dua. Kisha akasema anayo linia ya valvu iliyotoka Ulaya, imetumika kidogo, 85,000. Sehemu ya hela hizo ilikuwa zamu ya mke wangu kwenye chama. Hadi leo neno "linia" halitamkwi sebuleni kwetu.

Siku ya kwanza nilijibiwa na Mwitaliano mmoja, nikapiga kelele za furaha. Siku hiyo hiyo bi mkubwa wa ghorofa ya chini akaja kuuliza kwa nini sauti yangu inatoka kwenye televisheni yake katikati ya taarabu. Siku ya nne, saa mbili usiku, sindano ikaruka, ndani ya linia kukasikika mlio kama samaki anaingia kwenye mafuta, na moshi. Valvu mbili na transfoma. Tena yule jamaa, nilipompigia, akasema huenda ni radi. Hapakuwa na wingu hata la kufunika nyota moja.

Asubuhi ndipo nikapanda, hatimaye. Plagi ya juu ilikuwa imefungwa tepu nyeusi ya umeme, hiyo ya kawaida, maana jamaa huyo huyo aliniambia inatosha. Jua la kaskazi moja lilikuwa limeigeuza ulimbo. Niliibandua ikaja na vidole. Ndani, pini ilikuwa na kutu ya kijani kama sarafu iliyookotwa ufukweni, na plastiki imeungua nusu yake. Nikachuna ganda la kebo sentimita kumi: wavu wa shaba mweusi. Nikachuna mita nzima: mweusi. Mita ya tatu bado imelowa, nikaweka ulimi (usifanye hivyo) na ni chumvi tupu. Maji yanaupanda wavu ule kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Yakishaingia hayatoki.

Nikafunga mzigo wa bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) mwisho wa kebo na wati-mita mbele yake. Kutoka chumbani: wati 100. Zilizofika paani: 11. Kebo isiyooza ya urefu ule, mita 30 za aina ya RG-213, ingefikisha sabini na kitu. Sasa piga hesabu. Wati 600 kwenye kebo ile zinafika juu 66. Nimetoa elfu themanini na tano ili nipate nguvu ndogo kuliko zile ningekuwa nazo bure kwa kebo mpya na nusu saa ya kulehemu.

Na SWR je, mbona ilisema 1.2? Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mita haipimi kinachofika, inapima kinachorudi. Kebo iliyooza inakula wimbi likienda, na lile kidogo linalorudi inalila tena. Ni kumtuma mtoto Kongowea na noti ya mia: hakurudi na chenji, hakurudi na malalamiko, wewe ukasema biashara imeenda sawa. Nilichomoa antena kabisa, kebo ikabaki wazi hewani, mita ikasema 1.3. Bila antena! Ningeweza kufunga kijiko.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kumpa mtu hata shilingi. Shusha nguvu hadi wati 5, chomoa antena kule juu, funga kinywa cha kebo kisiguse bati, rudi chini, bonyeza sekunde moja tu. Kebo isiyooza itaifanya sindano iende mwisho ikagonge ukuta. Ikisema 1.5 au 2, mwite fundi wa mazishi. Dalili nyingine hata kupanda huhitaji: pima SWR kwenye MHz 28.0, halafu 28.8, halafu 29.6. Dipoli hai inapanda na kushuka. Ikiwa ni 1.2 kote kote, hiyo si antena, ni maiti iliyovishwa vizuri. Na kama kelele za nguzo za stima zimepungua mwaka huu ukashukuru Mungu, mimi pia nilishukuru.

Ukibadilisha kebo: tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe kwa kuvutwa, tabaka mbili, kisha ile nyeusi juu yake kwa ajili ya jua. Silikoni inayonuka siki usiiweke, siki inakula shaba. Kebo iache ining'inie kitanzi chini ya plagi ili maji yadondoke. Na kila mwaka kabla ya masika ifungue uangalie, hata kama inaonekana nzima, hata kama ni Ijumaa, hata kama jamaa amesema.

Sisemi mtetemo unaousikia ni uongo. Unaweza kuwa wa kweli kabisa, na hapo ndipo utamu wa kuishi hapa. Ikweta ya sumaku si hii yetu ya ramani, kwa upande huu inapita Ethiopia. Jua likizama, ayonosfia juu yake inainuka na kupasuka mapovu, na pembeni mwake zipo nundu mbili nene, kama nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini. Mombasa hatuko mbali na ile ya kusini. Wimbi linaruka kutoka nundu hadi nundu bila kugusa ardhi katikati, na mapovu ndiyo yanayolitetemesha. Wana-redio wa ridhaa wa Mexico na Argentina walilibaini jambo hili mwaka 1947 kwenye MHz 50, hata wanasayansi hawakulitarajia. Msimu wake mzuri ni Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, kuanzia kama saa mbili usiku. Likifunguka vizuri, wati 10 zinatosha, mradi zifike kwenye antena.

Miangwi nayo ipo ya aina mbili. Ukisikia mwangwi wa sehemu ya saba ya sekunde, hilo ni wimbi lililozunguka dunia nzima likakurudia. Halina ajabu, linapendeza tu. Ile ya sekunde kadhaa ndiyo kitendawili. Mwaka 1927 mhandisi wa Norway, Jørgen Hals, alisikia stesheni ya Eindhoven, Uholanzi, halafu sekunde tatu baadaye akaisikia tena. Sekunde tatu kwa mwendo wa mwanga ni kilomita 900,000. Kwenda mwezini na kurudi ni sekunde mbili na nusu. Mwaka uliofuata watafiti wakasikia hata ya sekunde 15. Nadharia zimerundikana tangu hapo, makubaliano hakuna. Mimi kwa miaka yote hii nimesikia mmoja tu ninaoweza kuuapia, kwenye mita 10, alama yangu mwenyewe ya mwito ikirudi hafifu nikiwa nimeshaacha kubonyeza. Nywele zilisimama. Lakini kitu cha kwanza nilichofanya ilikuwa kuchukua ngazi na tochi, mke wangu akaniuliza unakwenda wapi usiku huu, nikamwambia nakwenda kukagua plagi. Ilikuwa kavu. Ndiyo maana nauapia.

Nenda kesho asubuhi kabla bati halijashika moto, uje uandike hapa namba ulizopata, zote tatu za bendi na ile ya kebo tupu. Piga na picha ya plagi. Na huyo muuzaji wako, kama ni mzee sasa, anapenda mahamri na anaangalia dari akiongea, usiniambie duka lake liko wapi.