Mche wa mpira: jicho bora, kisha mita moja isiyo na gugu

Mbegu ya mpira haifanani na mama yake. Chavua hutoka mti hadi mti, kwa hiyo mbegu za mti mmoja zitakupa miti yenye utomvu wa viwango tofauti kabisa. Ndiyo maana mche wa mbegu hubebeshwa jicho, yaani chipukizi lililolala kwenye kipande cha gome, la aina inayojulikana: RRIM 600 ya Malaysia, GT 1 ya Java, RRII 105 ya India. Mkulima wa Muheza au Kilombero aulize kwanza jicho limetoka mti gani, bei baadaye. Mbegu ni za kukuzia shina la chini tu, nazo zipandwe mapema baada ya kuanguka, maana uhai wake ni wa siku chache.

Kubebesha hufanywa majani ya juu ya mche yakiwa yamekomaa. Yakiwa bado mekundu na laini, gome halibanduki vizuri. Kwenye shina la mche chora kwa kisu mistari miwili ya wima, urefu sentimita 5, upana sentimita 1.5, karibu na ardhi. Subiri utomvu ukome, ufute kwa kitambaa kikavu, ndipo ufungue gome. Kipande chenye jicho kigeuze ukitazame ndani: ukiona kitundu nyuma ya jicho, kitupe, kiini kimebaki kwenye mti. Kitashika, kitakaa kijani, lakini hakitachipua kamwe. Usiguse upande wa ndani kwa kidole. Kipachike chini ya gome ulilofungua, kisha funga kwa nailoni kuanzia chini kwenda juu, maji yasiingie.

Baada ya wiki tatu fungua, kwaruza kidogo kipande ulichopachika. Kijani ni kupona. Kahawia, rudia upande wa pili. Kata shina lililo juu ya jicho siku kama kumi baadaye, si siku hiyohiyo. Kisha pita mara kwa mara ukiondoa kila chipukizi linalotoka chini ya jicho. Ukiliacha litakua haraka kuliko jicho, nawe utakuwa unatunza mti wa mbegu bila kujua.

Shambani, kwa nafasi ya mita 7 kwa 3 hekta hubeba miti 476. Safisha duara la mita moja kuzunguka kila mche, ila karibu na shina ng'oa kwa mkono. Jembe hukata mizizi inayolisha mti, ambayo iko juujuu.

Gugu linalosumbua kuliko yote ni lile la majani makali lenye mizizi myeupe yenye ncha (Imperata). Kulilima ni kulizidisha: kila kipande cha mzizi huota. Lifyeke, lisubiri lirudi hadi magotini, kisha pulizia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, majani yakiwa mabichi na mvua haijakaribia. Maji ya tope huua nguvu ya dawa, kwa sababu udongo huishika. Na isiguse gome la kijani la mche. Hupenya hapo, na majani mapya hutoka membamba kama nyuzi. Funga kikinga kwenye mdomo wa bomba.

Katikati ya mistari otesha pueraria, jamii ya kunde. Mbegu zake zina ganda gumu, hivyo zimwagie maji ya moto yasiyochemka, uziache usiku kucha. Hufunika ardhi na kuongeza naitrojeni. Lakini hukwea miti, tena upesi wakati wa mvua: kila baada ya wiki chache irudishe nyuma kutoka kwenye duara, la sivyo itauvunja mche kileleni.