Mtindi kubaki majimaji kipindi hiki cha baridi

Dada uliyeuliza kwa nini mtindi wako unabaki majimaji hata ukikaa usiku kucha, mimi naona shida ni ubaridi, huku Arusha mwezi wa sita na wa saba jikoni usiku kunapoa sana na wale bakteria wanaogandisha maziwa wanataka joto la kama nyuzi 40 hadi 45 kwa masaa 6 mpaka 8 hivi. Chukua hotpoti, isuuze na maji ya moto kwanza, mimina maziwa humo, funika, zungushia blanketi halafu usiiguse, yaani usifungue fungue kuchungulia maana kila ukifungua joto linatoka.

Ila kabla ya hapo maziwa yachemke kabisa, hasa haya ya kupimiwa, na ukiyaacha kwenye moto mdogo dakika kama 10 huku unakoroga mtindi unakuwa mzito zaidi. Kisha yapoe, kama huna kipimajoto tumbukiza kidole kisafi, ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kuungua ni sawa. Usiharakishe hapa jamani, maziwa yakiwa ya moto sana bakteria wanakufa na hautaganda hata usubiri siku mbili. Yakishapoa hivyo, kabla hujayamimina kwenye hotpoti, kila lita moja weka vijiko viwili vya chakula vya mtindi wa kuanzishia usio na sukari wala ladha, na usiwe umekaa sana kwenye friji. Mtindi ukishaganda upooze kwanza ndio ukoroge.