Anti, kupiga picha za muziki usiku ni kazi au ni uhuni?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi binti wa miaka 23 naishi Mbagala, nina kamera ya mtumba na lenzi moja tu ya 50 mm, wikiendi naenda kwenye shoo za singeli na vigodoro napiga picha, nikipost watu wanapenda kinoma ila hela sioni. Baba mdogo anasema huo ni uhuni nitafute kazi. Mi picha za harusi sitaki kabisa, nataka maisha ya usiku vile yalivyo. Hivi kuna mtu kweli alishawahi kuishi kwa kazi hii?
Binti wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Wapo, na hawako mbali. Baba yako mdogo kama ni mpenzi wa rumba la Kongo, mpe habari za Jean Depara. Kazaliwa Angola mwaka 1928, akaja kuishi Kongo, na mwaka 1950 akanunua kamera ya Adox kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, huku anaganga njaa kwa kutengeneza baiskeli na viatu vya watu. Mwaka 1954 Franco, huyu huyu Franco Luambo tunayemjua wote, akamchukua awe mpiga picha wake, na kuanzia hapo usiku ukawa ndo ofisi yake, anazunguka na flashi yake baa moja hadi nyingine pale Léopoldville, ndo Kinshasa ya leo. Sasa angalia alichokipiga. Franco yumo, sawa, ila waliojaa humo ni wateja, dada kakaa mezani na chupa ya bia mbele yake anaitazama kamera bila wasiwasi, vijana wametunisha vifua, wapenzi wanacheza wameshikana. Msanii jukwaani kila mwenye simu anampiga, ila aliyejipinda akavaa nguo zake za pesa ya mkopo akaja kucheza nani anamkumbuka? Huyo ndo wako wewe.

Hela sasa. Hapa nakupeleka Bamako, Mali, kwa mpiga picha Malick Sidibé, maana huyu mzee biashara aliijua. Mali ilipata uhuru 1960 na vijana wakawa wanacheza twist kila Jumamosi, wana klabu zao, na bila Malick kutokea sherehe ilikuwa haijakamilika. Anapita sherehe kadhaa usiku mmoja, akirudi anaingia chumba cha giza anasafisha filamu usiku uleule, halafu anabandika vipicha vidogo kwenye kadibodi, kila kimoja na namba yake, anaviweka nje ya studio. Wiki ikianza vijana wanakuja wanasukumana, "mi hapa, namba hii nisafishie", na wanalipa. Umeona? Aliyekuwa analipa ni yule aliyepigwa picha. Kwa hiyo wewe laiki usizitegemee, chagua picha nzuri za shoo, safisha vidogo, Jumatano rudi mtaani kwao ukaziuze wakati kigodoro bado kinasimuliwa. Ikipita wiki mbili hawana hamu tena.

Ila kwenye harusi hatukubaliani mwanangu. Malick alikuwa na studio, anapiga za pasipoti, anatengeneza na kamera mbovu za watu, na Depara baadae akawa mpiga picha wa bunge. Kazi za mchana ndo zilizowabeba, usizidharau.

Kwenye giza: ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) 3200, tundu la lenzi lifungue hadi f/2, shata 1/125 ya sekunde. Ukitaka ule moto wa singeli wenyewe weka flashi na ushushe shata mpaka 1/15, uso unaganda vizuri na taa zinachora mistari nyuma yake, inatoka picha tamu sana. Aliyelewa hajiwezi usimpige, watoto usiwapost, na dada akikwambia futa, futa hapo hapo mbele yake. Na usiende peke yako, bodaboda wa kukurudisha awe unayemjua.

Na files zako zitunze!! Weka sehemu mbili, andika tarehe, mtaa, na jina la mtu akikubali. Malick nje ya Mali walikuja kumjua miaka ya 1990 akiwa mtu mzima kabisa, na 2007 kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu wa heshima ya maisha yake yote, mpiga picha wa kwanza kuipata. Zile negativu asingezitunza wangempa kwa lipi?

SWALI: Anti, niko Mombasa. Promota kachukua picha yangu ya bendi kaweka kwenye bango bila kuniambia. Nina haki?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Inategemea ulienda kwa nani. Kama ulijiendea mwenyewe, picha ni yako kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtumie bili na umuonyeshe faili lenyewe la kamera, akikausha nenda KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ukaulize. Ila kama ndo yeye alikuagiza ile kazi, sheria inampa haki yeye aliyeagiza mpaka muwe mmekubaliana vingine, kwa hiyo kuanzia sasa kabla hujatoa kamera kwenye begi pataneni kwa maandishi picha zitatumika wapi na kwa bei gani, hata meseji ya WhatsApp itakusaidia.