Bendi Iingie Studio, Lakini na Karatasi Mkononi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, redio binafsi za mikoani zina haja ya kualika bendi zipige moja kwa moja studio, wakati wimbo uliokwisha kutengenezwa unapatikana kwa kubonyeza kitufe?" Mimi ni mpiga besi hapa Iringa. Napiga harusini, napiga kanisani, napiga hotelini wageni wakiwepo, na nimeshaingia studio za redio pande hizi na gitaa langu. Jibu langu ni ndiyo, haja ipo. Ila nina sharti, na nitalifikia nikishaeleza kwanza mambo yalivyo mle ndani.

Studio ya redio ya mkoani ilijengwa kwa ajili ya watu wawili wanaoongea. Kuna meza, mikrofoni mbili tatu, kompyuta, kiti cha mgeni, na ukutani wamebandika sponji au zulia ili sauti isirudi. Sasa ingiza humo wapigaji watano na mabegi yao. Tatizo la kwanza ni drums. Ukizipiga kama unavyopiga ukumbini, mikrofoni ya mwimbaji inabeba matoazi kuliko inavyobeba mwimbaji mwenyewe, na msikilizaji wa Kilolo anadhani mtu anadondosha masufuria. Bendi iliyozoea huziacha drums nyumbani. Inakuja na tumba moja na kayamba, na mpiga kayamba anaambiwa asimame kule mlangoni, mbali na kila kitu.

Magitaa hayapiti kwenye amplifaya. Solo, ridhimu na besi zote zinachomekwa moja kwa moja kwenye miksa, kwa hiyo chumbani kunakuwa na ukimya wa ajabu: mtu anacharaza solo kali na unachosikia ni nyuzi zinakwaruza tu. Muziki wenyewe uko ndani ya hedifoni, na hedifoni studio zipo mbili. Moja anavaa mtangazaji, nyingine mwimbaji. Sisi wengine tunatazamana vidole. Mpiga besi anamtazama mpiga tumba mkononi, mpiga ridhimu anaangalia mdomo wa mwimbaji ajue ubeti unaisha wapi. Kama hamjafanya mazoezi, mtajulikana ndani ya dakika moja, tena na mkoa mzima.

Halafu kuna baridi yetu. Wapigaji wa Dar es Salaam hawalijui hili. Mwezi wa sita na wa saba unatoka Kihesa jioni, gitaa limelala kwenye buti la bajaji, nyuzi zimekuwa za barafu. Unafika, unatyuni haraka haraka, mnaanza. Chumba ni kidogo, madirisha yamefungwa, watu saba wanapumua, mitambo inatoa joto. Wimbo wa pili magitaa yote yameshuka, kwa sababu waya ukipata joto unalegea, na kila gitaa linashuka kwa kiwango chake. Kinanda hakishuki. Basi mwimbaji anabaki katikati hajui amfuate nani. Dawa yake ni rahisi: fikeni saa nzima kabla, fungueni mabegi, magitaa yakae humo humo studio yazoee, ndipo mtyuni. Hilo peke yake lingeokoa vipindi vingi vya Mbeya, Njombe na Makete kuliko mikrofoni mpya.

Jambo jingine ambalo fundi mitambo hakuambii mpaka umuulize: kabla sauti haijaenda kwenye mnara, inapita kwenye mashine inayosawazisha, inayoshusha makelele na kupandisha kilicho chini. Kwa mtangazaji ni nzuri sana. Kwa bendi ni mtego. Mkishusha muziki ili mwimbaji asikike peke yake, mashine inaona kimya, inapandisha, na hewani kunasikika mtu anavuta kamasi, kiti kinalia, meseji inaingia kwenye simu ya mtu ambaye aliapa kwamba ameizima. Na besi ninayopiga mimi, mwenye kusikiliza kwa simu haisikii kabisa. Spika ile ndogo haiwezi noti za chini. Siku hizi nikijua tuko redioni napanda juu kidogo shingoni mwa gitaa, angalau mtu aliye shambani na simu yake mfukoni ajue kuna besi.

Nawaeleza haya yote kwa sababu swali lenu lina dhana kwamba bendi kupiga studio ni pambo. Ni kazi, na iliwahi kuwa ndiyo kazi yenyewe ya redio.

Wazee wanajua. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikawa Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo tunazoziita zilipendwa, nyingi kati ya tunazokumbuka, zilipigwa ndani ya studio zake Barabara ya Pugu: bendi nzima inaingia, inapiga kwa pamoja, utepe unazunguka, mmoja akikosea wote wanarudi mwanzo. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Mlimani Park iliyoanza 1978, wote walipita mlango ule. Na sisi wa nyanda za juu tulikuwa na wetu. Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi hapa hapa Iringa, ikiwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na John Kitime kwenye gitaa. Ilisikika nchi nzima kupitia redio hiyo ya taifa.

Tusidanganyane kuhusu sababu, lakini. Redio ile haikurekodi bendi kwa sababu ya mapenzi tu. Viwanda vya sahani za santuri vya kwetu havikuwepo, na redio inahitaji muziki wa kujaza siku. Hata Uingereza ilikuwa shida iliyozaa heri. Kulikuwa na makubaliano kati ya BBC, makampuni ya sahani na chama cha wanamuziki yaliyoweka ukomo wa saa za kupiga sahani kwa siku, na ukomo huo ulidumu hadi 1988. Kwa hiyo John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 kuanzia 1967 hadi alipofariki 2004, alilazimika kuziita bendi zije kurekodi studio kwa ajili ya kipindi chake. Zilirekodiwa maelfu ya mara, na hata Bhundu Boys wa Zimbabwe walipita huko. Kama BBC ingeruhusiwa kupiga sahani kutwa kucha, pengine hayo yote yasingekuwepo.

Kwetu hicho kilichokuwa kinalazimisha kimeondoka. Sheria ya 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi, zikaja na kaseti na sidii, baadaye kompyuta yenye nyimbo za kutosha mwaka mzima. Wakati huo huo bendi zikafa kwa sababu nyingine kabisa: vyombo vilikuwa mali ya kiwanda, ya jeshi, ya chama cha wafanyakazi. Mwenye mali alipofilisika au kubinafsishwa, vyombo viliondoka na wapigaji wakabaki na mikono yao. Kijana wa leo wa Mwanjelwa anatengeneza biti chumbani, anaimba juu yake, akialikwa redioni anakuja na flashi. Simlaumu, na biti nyingine ni nzuri kweli. Ila mtangazaji anapomwambia "tuimbie kidogo" unasikia jinsi anavyotafuta funguo ya wimbo hewani.

Basi sababu ya leo ni ipi, kama hakuna kinacholazimisha? Ni hii: wimbo ule wa kubonyeza kitufe unao wewe, anao mwenzako wa masafa ya jirani, na msikilizaji anao kwenye simu yake. Kilichopigwa studio kwako Alhamisi usiku unacho peke yako. Redio ya KEXP ya Seattle, Marekani, isiyo ya kibiashara na inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na michango ya wasikilizaji, imejulikana duniani kote kwa bendi zinazopiga studio kwake na kurekodiwa kwa video. Watu wasiojua Seattle iko wapi wanaijua ile studio yenye vitaa vidogo nyuma. Sisemi redio ya Mafinga itachangiwa na wasikilizaji, tunajuana. Lakini wauza mbegu na mbolea wanaodhamini salamu wanaweza kudhamini pia dakika arobaini za muziki, tena salamu zenyewe zikasomwa katikati.

Na kuna muziki ambao hauna pengine pa kukaa isipokuwa studio. Nichukue ligombo la Wahehe. Ni ubao uliochongwa bonde katikati, uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa mpaka unakuwa kama nyuzi nyingi, na chini kuna kibuyu cha kukuza sauti. Sauti yake ni ndogo. Mpeleke mzee na ligombo ukumbini harusini, baada ya DJ, hakuna atakayemsikia hata wa meza ya mbele. Hugh Tracey, yule mwenye mitambo aliyezunguka Afrika kurekodi muziki, alipita huku miaka ya hamsini na kulirekodi, ndiyo maana leo ukitaka kusikia ligombo la zamani unalitafuta kwenye hifadhi iliyoko Afrika Kusini. Studio ya redio, ile ile ndogo inayotutesa sisi wenye drums, ndiyo inayolifaa. Mikrofoni moja karibu na kibuyu, nyingine mdomoni kwa mzee, mtangazaji akae kimya. Gharama yake ni nauli ya mzee na chai.

Mtangazaji akae kimya, narudia. Naheshimu kazi yao, ila kuna wanaodhani ukimya wa sekunde tatu ni ajali. Mpiga solo anaanza kuingia chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, mtu anadakia: "Naaam, hao ndio vijana wetu, unasikiliza redio yako namba moja!" Tumekuja kilomita ngapi, kaka?

Sasa sharti langu. Tuliwahi kualikwa na kituo kimoja, sitakitaja. Tukapiga saa nzima, wakarekodi, tukapewa soda, tukashukuru. Miezi baadaye nipo dukani nanunua nyuzi, redio iko juu ya kabati, nasikia besi yangu. Ilikuwa imekatwa vizuri kabisa na kuwekwa chini ya tangazo la mteja wao. Tulipoenda kuuliza tukaambiwa rekodi ni ya studio kwa sababu mitambo ni ya studio. Na nakala yetu? Kompyuta ilikuwa imeshafutwa kupata nafasi, kilichobaki ni kile kipande cha tangazo.

Hapo ndipo redio nyingi zinapokosea, na bendi nazo zinanyamaza kwa sababu zinaona zimefanyiwa hisani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inamtambua mpigaji pamoja na mtunzi: onyesho lako haliwezi kurekodiwa na kutumiwa bila ruhusa yako. Kuruhusu upige hewani Alhamisi si kuruhusu besi yako iuze godoro Jumatatu. Lakini ruhusa ya mdomo, mkiwa mmesimama mlangoni mnakunja waya, kila mtu anaikumbuka anavyotaka. Kwa hiyo naomba ukurasa mmoja tu, uandikwe kwa Kiswahili, usainiwe kabla taa nyekundu haijawaka. Useme wimbo umetungwa na nani. Useme redio inaweza kurudia kipindi, mara ngapi, na kwamba matangazo ya biashara ni makubaliano mengine yenye malipo yake. Useme bendi inaondoka na nakala usiku ule ule, kwenye flashi yao wenyewe. Na useme nakala ya redio itahifadhiwa wapi, maana "kwenye kompyuta" si mahali.

Wapo watakaosema hiyo karatasi itawatisha wenye vituo, wataona bora waendelee na kitufe. Labda wawili watatu. Mwenye kituo anayetishwa na ukurasa mmoja alikuwa hajapanga kutulipa hata nauli, na ni heri tujue mapema kabla hatujabeba tumba mpaka ghorofa ya tatu.

Redio yoyote kati ya Ilula na Mbalizi inayotaka kujaribu, sisi tuna waya zetu, tumba, na hata hedifoni za ziada. Wao watoe saa moja ya kuzoesha magitaa, dakika arobaini za hewani, nauli na huo ukurasa. Jumamosi hatupatikani, msimu wa harusi umeanza.

Mpiga besi,
Kihesa, Iringa